KISUKARI CHA MIMBA KIMEKWISHA, JE KONGOSHO LAKO LIKO HALI GANI?

 

Leo tuzungumzie kisukari cha mimba, lakini si wakati wa ujauzito. Tuzungumzie miezi na miaka inayofuata baada ya mtoto kuzaliwa. Mimi ni muuguzi, nilisomea nyumbani kisha nikaongeza masomo nje. Swali ninaloulizwa sana na akina mama wa Afrika Mashariki hapa Dubai ni hili: "Sister, niliambiwa nina sukari nikiwa mjamzito. Nimejifungua salama, wamenipima wodini wakasema iko sawa. Si imekwisha hiyo?"

Jibu fupi ni kwamba sukari imeshuka, lakini habari haijaisha. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kisukari cha mimba ni wingu, na mvua yenyewe ni kisukari cha kudumu, kile cha aina ya pili. Jambo la kumshukuru Mungu ni kwamba mvua hii inaweza kuzuiwa, au kucheleweshwa kwa miaka mingi, ukijua kinachoendelea ndani ya tumbo lako. Naomba usome hadi mwisho, na kama una dada au rafiki aliyepatwa na hali hii, msomee na yeye.

KONGOSHO NA MTIHANI WA MIMBA

Kongosho ni kiungo kidogo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, urefu wake kama sentimita 15. Ndani yake mna seli ziitwazo seli za beta, na kazi yake ni kutengeneza insulini. Insulini inafanya mambo mawili makubwa. Kwanza, inaiwezesha sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli itumike. Pili, inaliambia ini liache kumwaga sukari kwenye damu wakati iliyopo inatosha.

Mimba ikishapita miezi mitano hivi, kondo la nyuma hutoa homoni nyingi zinazoufanya mwili wa mama usiitii insulini kama zamani. Huo si ugonjwa, ni maumbile, ili mtoto apate chakula cha kutosha. Kongosho lenye akiba nzuri hujibu kwa kutoa insulini mara mbili au hata mara tatu ya kawaida, na mama wala hajui kama kuna kazi inafanyika. Kongosho lenye akiba ndogo linashindwa kufikia kiwango hicho, na sukari inapanda. Hicho ndicho kisukari cha mimba.

Kwa maneno mengine, mimba ilikuwa mtihani wa kongosho. Kondo likitoka, zile homoni zinaondoka nalo, na kwa mama wengi sukari inarudi chini ndani ya siku chache. Ndiyo maana wodini waliona iko sawa. Mtihani umeondolewa, lakini kongosho ni lile lile na akiba yake ni ile ile.

Takwimu zinathibitisha. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi ulioonyesha kwamba mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara 7 au zaidi kuliko mwenzake ambaye hakukipata. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2020 ukasema ni karibu mara 10. Si kila mmoja atakipata, lakini hiyo si hatari ya kupuuza.

NI TATIZO LETU SISI?

Ndiyo. Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kisukari cha mimba kwa takriban asilimia 8 ya wajawazito wa mjini, na asilimia 1 tu vijijini. Damu ni ile ile, watu ni wale wale. Kilichobadilika ni maisha, yaani chakula, kukaa, na gari badala ya miguu. Sasa fikiria aliyetoka mjini Mombasa au Dar es Salaam akaja kuishi hapa Emirati. Utafiti wa Al Ain uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wajawazito zaidi ya 10,000, ulikuta kwamba kwa vigezo vipya vya kimataifa zaidi ya theluthi moja yao walihesabika kuwa na kisukari cha mimba. Katika nchi hii hali hii ni ya kawaida sana, na pengine ndiyo sababu watu wanaizoea na kuiona ndogo.

MAFUTA YA NDANI: INI KWANZA, KONGOSHO BAADAYE

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndiyo kiini cha somo.

Mafuta ya mwilini si ya aina moja. Yapo ya chini ya ngozi, kwenye mapaja, makalio na mikono. Hayo ni ghala la kawaida na hayana madhara makubwa kwa sukari. Yapo pia ya ndani ya tumbo, yanayozunguka matumbo na kuingia ndani ya viungo vyenyewe. Haya ya pili ndiyo tunayoyaogopa.

Chakula kikiwa kingi kuliko kazi kwa muda mrefu, ghala la chini ya ngozi linajaa. Kila mtu ana ukubwa wake wa ghala. Mwingine anajaa na kilo 95, mwingine anajaa na kilo 65. Likishajaa, mafuta yanatafuta pa kwenda, na mahali pa kwanza ni ini. Ini lenye mafuta linakuwa sugu kwa insulini. Usiku umelala, hujala kitu, lenyewe linaendelea kumwaga sukari kwenye damu. Ndiyo maana mtu anapima asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni anakuta sukari iko juu, anashangaa imetoka wapi. Imetoka kwenye ini lake.

Kongosho likiona sukari haishuki, linaongeza insulini. Insulini nyingi nayo inalisukuma ini litengeneze mafuta zaidi. Ini likizidiwa, linayapakia mafuta kwenye damu yasambae mwilini, na sehemu yake inafika kwenye kongosho. Huko seli za beta zinachoka na kulegea, insulini inapungua, hasa ule mshindo wa kwanza unaotakiwa kutoka mara tu unapoanza kula.

Maelezo haya yalitolewa mwaka 2008 na Profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza. Kuhusu ini, ushahidi ni mwingi na wazi. Kuhusu mafuta ya kongosho, wataalamu bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani yanahusika, lakini hakuna anayebisha kwamba ini lenye mafuta linalitwisha kongosho mzigo mkubwa. Na wanawake waliopata kisukari cha mimba hukutwa na ini lenye mafuta mara nyingi kuliko wenzao, hata miaka kadhaa baada ya kujifungua.

Sasa unganisha mambo mawili. Wewe uliyepata kisukari cha mimba umeshajulikana una akiba ndogo ya insulini. Mafuta kwenye ini yanaongeza mzigo juu ya akiba hiyo hiyo ndogo. Akiba yenyewe huwezi kuiongeza sana. Mzigo unaweza kuupunguza. Ukishika hilo moja tu katika makala hii, umeshika kila kitu.

KONGOSHO LIKIPUMZISHWA LINADUMU

Je, kuna ushahidi kwamba kupunguza mzigo kunasaidia? Upo, na baadhi yake umetoka kwa wanawake hawa hawa.

1. Los Angeles, Marekani. Dk. Thomas Buchanan na wenzake waliwafuatilia wanawake 266 wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliokuwa wamepata kisukari cha mimba. Nusu walipewa dawa ya kuusaidia mwili uitii insulini, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Wasiopata dawa walikuwa wanaingia kwenye kisukari kwa asilimia 12 hivi kila mwaka. Waliopata, asilimia 5 hivi. Waliolindwa zaidi ni wale ambao kongosho lao lilipunguziwa kazi. Dawa yenyewe, troglitazoni, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 kwa sababu ya kudhuru ini, kwa hiyo usiitafute. Kilichobaki ni somo: kongosho likipumzishwa, linadumu.

2. Mpango mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotoa matokeo mwaka 2002, ulikuwa na watu 3,234 wenye sukari ya mpakani. Baadhi yao walipangiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Miongoni mwa washiriki wote walikuwamo wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba. Kwa wanawake hao, mabadiliko ya maisha yalipunguza hatari kwa takriban nusu, na dawa ya metformini vile vile takriban nusu.

3. Newcastle, mwaka 2011. Watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili walikula mlo mdogo sana chini ya uangalizi kwa wiki 8. Ndani ya siku 7 sukari yao ya asubuhi ilirudi kawaida, kwa sababu mafuta ya ini yalishuka haraka. Kongosho lilichukua wiki kadhaa, lakini nalo lilianza kutoa insulini vizuri. Baadaye Profesa Taylor alionyesha kwamba mafuta yaliyotoka kwenye kongosho hayafiki hata gramu moja! Utafiti mkubwa zaidi uliofuata Uskochi na kaskazini mwa Uingereza, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha karibu nusu ya waliopewa mlo wa aina hiyo walikaa bila kisukari na bila dawa mwaka mmoja baadaye.

TAHADHARI: Mlo mdogo kiasi hicho si wa mama anayenyonyesha wala mjamzito, na si wa kujaribu nyumbani peke yako kama unatumia dawa. Nimeutaja ili ujue kwamba mafuta ya ndani ndiyo ya kwanza kuondoka ukianza kupungua. Huhitaji kusubiri hadi uwe mwembamba ili ini lipate nafuu.

"MIMI NI MWEMBAMBA, HAYA HAYANIHUSU"

Yanakuhusu. Bethesda, Marekani, Dk. Anne Sumner na wenzake wamewapima wahamiaji wengi kutoka Afrika. Walikuta kwamba wengi wenye sukari isiyo ya kawaida hawakuwa wanene. Tatizo lao kubwa lilikuwa kongosho kushindwa kutoa insulini ya kutosha. Kwa hiyo kwetu sisi wembamba si cheti cha afya. Mwembamba aliyepata kisukari cha mimba anatakiwa kupima kama mnene, pengine kwa makini zaidi, maana daktari anaweza kumtazama tu akamwambia huna shida.

Jipime hivi nyumbani, mtoto akishafikisha miezi mitatu na tumbo limesharudi. Chukua uzi, jipime kimo kutoka utosini hadi nyayoni, ukate. Ukunje katikati, kisha uzungushe kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zikikutana bila kubana, vizuri. Zisipokutana, kuna mafuta ndani, hata kama mikono na miguu ni membamba.

KIPIMO AMBACHO WENGI WANAKIKOSA

Miongozo inasema mama aliyepata kisukari cha mimba arudi kupimwa kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua. Kipimo bora ni kile cha kunywa glukosi gramu 75: unakuja hujala tangu usiku, unatolewa damu, unanywa maji ya sukari, unakaa saa mbili, unatolewa damu tena. Kikiwa sawa, unarudia kila mwaka 1 hadi 3, maisha yako yote.

Hapa ndipo sisi wa diaspora tunapopotea. Mama anapimwa mimba hapa Dubai, anakwenda kujifungulia kwao Tanga, Lamu au Kisumu ili asaidiwe na mama yake, anarudi mtoto ana miezi minne. Huku wanadhani alipimwa kule. Kule wanadhani atapimwa huku. Hajapimwa popote. Fanya haya:

- Kabla ya kusafiri, omba hospitali ikupe majibu yako kwenye karatasi, na uyapige picha ubaki nayo kwenye simu.
- Ukifika nyumbani, onyesha majibu hayo kliniki unapompeleka mtoto chanjo ya wiki ya 6. Siku hiyo hiyo uliza kipimo chako.
- Ukijifungulia hapa, fanya kipimo kabla likizo haijaisha. Kwa sheria ya kazi ya 2021 kwa kampuni binafsi, likizo ya uzazi ni siku 60, siku 45 kwa mshahara kamili na 15 kwa nusu mshahara. Ukisharudi kazini ruhusa ni ngumu, tunajuana. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao, kwa hiyo ongea na mwajiri mapema.
- Usikubali kupimwa kwa HbA1c peke yake, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Baada ya kujifungua umepoteza damu na chembe nyekundu ni mpya, kwa hiyo kinaweza kudanganya. Pia kwetu wapo wengi wenye chembechembe za selimundu bila kuumwa, na kwao kipimo hiki huweza kusoma chini kuliko hali halisi. Kwa wahamiaji wale wa Bethesda, HbA1c peke yake iliwakosa takriban nusu ya wenye tatizo.

Namba nazo zinachanganya. Maabara nyingi hapa zinaandika miligramu kwa desilita, nyumbani wanaandika milimoli kwa lita. Ukiambiwa 100 huku na 5.6 kule, ni kitu kimoja. Gawanya namba ya huku kwa 18 unapata ya nyumbani. Kwa asiye mjamzito:

Kabla ya kula:
- Kawaida: chini ya 100 (5.6)
- Mpakani: 100 hadi 125 (5.6 hadi 6.9)
- Kisukari: 126 (7.0) na kuendelea

Saa mbili baada ya glukosi:
- Kawaida: chini ya 140 (7.8)
- Mpakani: 140 hadi 199 (7.8 hadi 11.0)
- Kisukari: 200 (11.1) na kuendelea

Vituo vingine vya nyumbani vinaanza kuhesabu mpaka kwenye 6.1 kabla ya kula, usishangae. Na kama huna dalili yoyote, majibu ya kisukari yathibitishwe kwa kipimo cha pili kabla ya kuanza dawa.

UFANYE NINI KUPUNGUZA MZIGO?

1. NYONYESHA. Kunyonyesha kunatumia sukari na mafuta ya mama. Utafiti wa California uliowafuatilia wanawake zaidi ya 1,000 waliopata kisukari cha mimba, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha walionyonyesha maziwa ya mama peke yake walikuwa na takriban nusu ya hatari ya kupata kisukari katika miaka 2, wakilinganishwa na waliotumia maziwa ya kopo pekee. Sheria ya hapa inampa mfanyakazi wa kampuni binafsi mapumziko ya kunyonyesha yasiyozidi saa moja kwa siku kwa miezi 6 tangu kujifungua. Ni haki yako, iombe.

2. AROBAINI YENYE AKILI. Sisemi uache mila. Mzazi anahitaji kula. Lakini tazama kinachoingia. Uji wa pilipili manga ni mzuri; vijiko vitano vya sukari na samli juu yake ndiyo tatizo. Mtori wenye nyama, njahi, supu ya kuku au ya pweza, mboga za majani, vyote vinafaa. Kumshibisha mama mikate ya sukari na soda "ili maziwa yatoke" hakuna faida. Maziwa yanatokana na mtoto kunyonya mara kwa mara na mama kunywa maji ya kutosha. Na kujifunga tumbo kwa kanga kama kunakupa nafuu jifunge, ila kanga inabana kwa nje tu, haifiki kwenye ini.

3. VINYWAJI KWANZA. Kama una nguvu ya kubadili kitu kimoja tu, badili hiki. Sukari ya soda, juisi na Vimto ina sehemu ambayo ini huigeuza kuwa mafuta kwa urahisi sana. Chai karak ya dirhamu moja au mbili inaonekana ndogo, lakini vikombe vinne kwa siku vyenye maziwa ya kopo na sukari ni mlo kamili. Kunywa maji, au chai ya tangawizi na iliki bila sukari.

4. CHOTA SEHEMU YAKO. Tukila sinia moja hakuna anayejua amekula kiasi gani. Chota kwenye sahani yako: nusu mboga na kachumbari, robo samaki, kuku, maharage au dengu, robo wali, ugali au chapati moja. Tende tatu zinatosha. Mahamri yawe ya siku maalum, si ya kila asubuhi.

5. TEMBEA BAADA YA KULA. Misuli ya miguu ikifanya kazi inavuta sukari hata kama insulini ni kidogo. Dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo zinatosha kufikisha dakika 150 kwa wiki. Kuanzia Juni hadi Septemba usijiue na jua: tembea ndani ya maduka makubwa kama City Centre ya Deira, au panda ngazi za jengo lako. Majira ya baridi, Zabeel Park na ufukwe vinakungoja, na kigari cha mtoto si kizuizi.

6. UZITO POLE POLE. Wiki 6 hadi 8 za kwanza pumzika tu. Baada ya hapo lenga nusu kilo kwa wiki, hadi asilimia 7 ya uzito. Kama una kilo 80, hiyo ni kilo 5 na nusu. Si lazima urudi ulivyokuwa siku ya harusi!

MASWALI MNAYONIULIZA

Swali: Nimeambiwa nina mafuta kwenye ini, na mimi pombe sijawahi kuonja. Imekuwaje?
Jibu: Ini hupata mafuta kwa pombe, lakini pia kwa chakula kingi na insulini kutofanya kazi vizuri. Mwaka 2023 wataalamu walibadilisha hata jina la ugonjwa huu ili uhusishwe na uchakataji wa chakula mwilini badala ya pombe. Mara nyingi hauumi. Unaonekana kwa altrasaundi au vipimo vya ini. Usione aibu.

Swali: Nikikutwa na kisukari nitanyimwa visa?
Jibu: Hapana. Vipimo vya visa vinaangalia magonjwa ya kuambukiza kama kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi. Kisukari hakimo. Najua wengi wanakimbia kupima kwa hofu hii, na hofu yenyewe ndiyo inayowaumiza.

Swali: Bima yangu ni ya chini kabisa. Itanisaidia?
Jibu: Kwa Sheria Na. 11 ya 2013, mwajiri Dubai lazima amkatie mfanyakazi bima. Tangu Januari 2025 sharti kama hilo limefika Sharjah, Ajman na Emirati nyingine za kaskazini, kwa wafanyakazi wa kampuni binafsi na wa majumbani, wanapochukua au kuhuisha kibali. Bima zinatofautiana, kwa hiyo piga namba iliyo nyuma ya kadi uulize maneno haya: "Je, kipimo cha glukosi baada ya kujifungua kinalipiwa?" Kama hakilipiwi, hata sukari ya asubuhi kabla ya kula ni bora kuliko kutopima kabisa, na bei yake si kubwa.

Swali: Nataka mtoto mwingine.
Jibu: Pima sukari KABLA ya kushika mimba. Kisukari cha mimba hurudi kwa karibu nusu ya wanawake. Kama katikati kisukari cha kudumu kimeshaingia bila wewe kujua, sukari ya wiki za mwanzo inaweza kumdhuru mtoto wakati viungo vyake vinaumbwa, kabla hata hujaanza kliniki. Panga uzazi hadi upate majibu. Mjulishe daktari historia yako tangu siku ya kwanza, iwe hospitali ya Latifa, ambayo wenyeji wa zamani bado wanaiita Al Wasl, au zahanati ya mtaani.

Swali: Dalili zipi nisizisubirie kipimo cha mwaka?
Jibu: Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, kupungua uzito bila sababu, macho kuona ukungu, fangasi za ukeni zinazojirudia, na vidonda visivyopona. Nenda siku hiyo hiyo.

KWA KUMALIZIA

Wengi wetu hapa kila mwezi tunatuma hela nyumbani, na katika hela hizo zimo dawa za sukari za mama au za shangazi. Tunaijua gharama yake, tunayajua macho yaliyofifia na miguu iliyokatwa. Wazazi wetu hawakupata onyo. Wewe umepata, tena mapema, ukiwa na miaka ishirini au thelathini na kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo kabla hujafunga ukurasa huu, fungua simu yako uhesabu: mtoto ana wiki ngapi? Kama ni kati ya wiki 4 na 12, weka miadi ya kipimo cha glukosi wiki hii. Kama ana miaka mitatu na hujawahi kurudi kupima, hujachelewa, weka miadi hiyo hiyo. Na akina baba mnaosoma, mshikieni mtoto hizo saa mbili mama akiwa maabara.

Maelezo haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya daktari wako anayekujua.